Shuka kwa Mwokaji, Uliza kwa Bibi

Mfungo Pili ukiandama mimi huwa sikaliki. Hapa Riyadh, kwenye duka la miwani la Sulimaniyah ninakofanya kazi, nainuka, nakaa, nafuta kioo nilichokwisha kukifuta, mpaka bosi ananiuliza kama naumwa. Huo ndio mwezi mahujaji walipokuwa wakishukia nyumbani kwetu Jeddah, na mwili wangu haujakubali kwamba hawaji tena.

Mwaka huu Bibi kanizidi. Mama alinipigia simu kwamba kila asubuhi Bibi anavaa buibui, anakaa mlangoni pa fleti yao mpya na kutaka arudishwe mtaa wa zamani. Wageni watafika, anasema, na hawatatukuta. Chakula anakigusa tu. Nikaomba ruhusa, nikapanda ndege.

Nikueleze mtaa wenyewe, rafiki yangu, maana hukuuona. Ulikuwa kusini mwa Jeddah, vichochoro vyembamba vitupu, Wayemeni, Wahausa, Waburma na sisi Wazanzibari, kila nyumba na harufu ya chungu chake. Namba hazikuwapo. Mtu akiondoka Unguja alihifadhishwa njia kama sura fupi: shuka kwa Mwafghani anayeoka tamisi, uliza kwa bibi wa Kizanzibari. Tamisi ni ile mikate mipana ya tanuri. Ukiila na maharage ya fuli ya moto, utasahau ulichokuwa unalalamikia. Mwokaji hakujua Kiswahili hata neno, ila akimwona mtu kasimama na sanduku lililofungwa kamba, aligonga chuma kwenye mdomo wa tanuri, nasi watoto tukatoka mbio kumpokea.

Nyumba ilifurika. Vitanda tuliwaachia wageni, sisi tukalala juu ya paa. Walileta karafuu, kanga, achari na salamu ndefu, wakagombania zamu ya choo, wakatuombea dua. Bibi alikuwa jikoni tangu alfajiri, akipika wali kwa tui la unga maana nazi mbichi hazikupatikana. Alipenda kusema, mgeni njoo, mwenyeji apone, kisha akanikonyeza: na mume wangu akachote maji. Mume wangu ndiye mimi, mjukuu wake, na maji yenyewe nilikuwa nayapandisha ngazi mpaka mabega yanawaka moto. Nilikuwa nalalamika sana. Leo ningelipa kuyabeba.

Kisha kuta zikaandikwa kwa rangi nyekundu kwamba nyumba zihamwe. Watu wakatawanyika, kila mmoja na lori lake. Nilikuwa Riyadh; nilitumiwa picha, nikajifungia chooni kazini nikalia. Familia ilipata fleti kaskazini ya mji, jengo lenye lifti, ambako jirani unamjua kwa viatu vyake mlangoni.

Mama hakutaka nimpeleke Bibi. Alisema akiuona mtaa ulivyo atakufa kwa huzuni. Mimi niliona kungoja ndiko kunakomuua, tena polepole. Baada ya Alasiri nikamshika mkono, tukashuka, nikamtia garini.

Palikuwa na uzio wa bati, na ndani yake uwanja uliosawazishwa, msikiti mmoja tu umebaki. Nilisimamisha gari. Bibi aliuliza tanuri lilikuwa wapi, nikanyoosha kidole kwa kubahatisha. Nikamweleza kwamba siku hizi mahujaji wanakuja na vikundi vyao, hoteli zimekwisha kupangwa, hakuna atakayepotea. Nilisema mengi, mbiombio, kama mtu anayeogopa kimya. Yeye alikuwa anatazama bati tu. Mwishowe akaniwekea mkono gotini.

"Washa gari, mume wangu. Hapa hapana wa kutupokea sisi."

Nikawasha. Maisha yangu yote nilijihesabu mwenyeji wa mahali pale. Nimezaliwa pale, na bado naishi kwa ikama, kibali cha ukaazi cha kuhuishwa, sawa na aliyeshuka jana. Lakini kwenye vichochoro vile hakuna aliyewahi kunifanya nilikumbuke hilo.

Jioni ile Bibi alivua buibui, akala sahani nzima, akamwambia Mama afungue masanduku yaliyokuwa bado yamefungwa. Asubuhi, kabla ya ndege, nilirudi uwanjani peke yangu. Nilitembea kandokando ya uzio, nikaenda, nikarudi, hata mlinzi akatoka kibandani na kuniuliza kwa upole natafuta nyumba ya nani.