Namba Kumi na Saba

Siku ya nne ya mafunzo nilichaguliwa kuwa majeruhi, nami nikafurahi kupita kiasi. Nina tabia moja mbaya: nikipewa kazi, hata ya kulala chini, nataka niifanye kuliko wote.

Tulikuwa watu thelathini wa kujitolea, tumekusanywa kutoka Munisagara, Magole na vijiji vya jirani ili tujifunze kuokoa watu mafuriko yakija. Mwalimu wetu, kijana wa mjini, hakuwa na kichwa cha kushika majina, kwa hiyo alitupa namba. Mimi nilikuwa kumi na saba. Wifi yangu, mke wa kaka yangu, ambaye nilimshawishi mwenyewe ajiunge, alikuwa kumi na nane. Kila asubuhi, na kila tulipohama mahali, mwalimu aliita namba nasi tukaitika. Aliyekosa kuitika mara mbili alifutwa kwenye orodha. Basi ikawa desturi: mtu akichelewa kwa kunyonyesha au kuuguza, jirani yake anamwitikia. Hatukuona ubaya. Mwenzako ni mwenzako.

Mmoja tu ndiye ambaye hakuelewana na hesabu hizo. Alikuwa mfugaji, Msukuma aliyehamia bondeni na ng'ombe wake miaka michache iliyopita. Alipoambiwa ahesabu kundi kwa kidole alikataa. Alisema kwao watu hawahesabiwi, wala ng'ombe hawahesabiwi. Ukihesabu unaalika upungufu. Mwalimu alimkaripia. Mimi nilimcheka waziwazi, nikamuuliza sasa jioni anajuaje kama ng'ombe wote wamerudi. Akasema anawatazama tu. Nilimtania kwa jibu hilo siku mbili nzima, na sehemu ya utani ule haikuwa utani, maana ng'ombe wa watu kama yeye walishakula mahindi ya kaka yangu.

Siku ile, mnamo saa nane mchana, mwalimu alituchukua watatu kwa siri akatuficha kwenye mashamba ya mahindi, kati ya mto Mkondoa na tuta la reli. Wengine walitakiwa watutafute. Mimi nililazwa mbali kuliko wote, ng'ambo ya mfereji mkavu, na kipande cha boksi kifuani kilichoandikwa kwamba sina fahamu. Aliniagiza nisijibu hata nikiitwa, nisijitikise mpaka nibebwe.

Jua lilikuwa kali na mbinguni hapakuwa na wingu hata moja. Niliwasikia wenzangu wakimpata wa kwanza, wakacheka. Wakampata wa pili. Kisha sauti zao zikasogea mbali.

Wa kwanza kupita juu yangu alikuwa jongoo. Alinipanda kiganjani, akavuka tumbo, akashuka upande wa pili. Sikujitikisa. Wakafuata nyenje, wawili watatu, halafu wengi. Panya mmoja akanikanyaga shingoni kama anayekanyaga gogo. Nilifumbua jicho moja. Wadudu wote wa shamba lile walikuwa safarini, na wote walielekea upande mmoja, relini, bila kugombana na bila sauti. Vyura waliokuwa wanalia tangu asubuhi walikuwa wamenyamaza.

Hata hivyo niliendelea kulala. Huo ndio ujinga wangu, nauandika kama ulivyokuwa: niliogopa kushindwa zoezi kuliko nilivyoogopa kile walichokuwa wanakikimbia.

Kipaza sauti kikalia kule kwenye tuta. Mwalimu alikuwa anaita namba, haraka haraka, kwa sauti isiyo ya mazoezi. Baadaye nilikuja kujua kwamba alikuwa amepigiwa simu kutoka stesheni ya juu: mvua kubwa imenyesha milimani na mto unashuka. Kumi na tano akaitika. Kumi na sita akaitika. Nikajisemea, wakinikosa sasa hivi watakuja.

"Kumi na saba."

"Nipo."

Bonde lilikuwa kimya, na jibu lile nililisikia vizuri. Ilikuwa sauti ya mwanamke, nyembamba kidogo, na ilifanana na yangu. Nilijigusa mdomo nihakikishe kama umefungwa. Mwalimu akaendelea mpaka thelathini, akatangaza kwamba wote tupo, tupande relini.

Nilipoinuka mfereji ulikuwa umeshajaa. Maji hayakuja kwa kishindo. Yalipenya katikati ya mistari ya mahindi, mekundu kwa udongo, yakipanda polepole huku jua likiwaka. Mimi siogelei. Nilikimbilia juu ya kichuguu nikapiga kelele mpaka koo likaniuma, lakini kwa nini waje? Kwao nilikuwa nimeshafika. Hofu yangu haikuwa ya maji peke yake. Nilimwogopa pia huyo mwingine, aliyekaa kule pakavu na wenzangu, mwenye namba yangu na sauti yangu. Nilianza kufikiri kwamba mmoja wetu hatakiwi, na kwamba huenda ni mimi.

Maji yalikuwa yamenifika magotini pale juu ya kichuguu nilipomwona mfugaji akitokea kwenye mahindi, maji yakimfika kifuani, kamba kiunoni, akipapasa njia kwa fimbo. Nilimuuliza nani amemtuma.

"Hakuna, dada," akasema. "Wenzetu walipokuwa wanaitana, mimi nilikuwa nawatazama. Wewe hukuwepo."

Alinifunga kamba tukavuka. Mara mbili maji yalinifika kidevuni. Sikumwomba radhi siku ile, nilitetemeka mno. Nilimwomba wiki iliyofuata, naye akacheka.

Tulipanda tuta kwa nyuma ya wenzetu. Walikuwa wameketi kwenye mataruma ya reli, wametugeuzia mgongo, wakitazama shamba likizama. Mwalimu alikuwa anaita namba upya, macho kwenye karatasi. Nilikwenda nikasimama nyuma kabisa ya wifi yangu.

Kumi na saba ikaitwa. Wifi yangu akasema yupo, kwa ile sauti nyembamba. Kumi na nane ikaitwa. Akasema tena yupo, safari hii kwa sauti yake mwenyewe.

Nilimgusa begani. Aligeuka, macho mekundu kwa kulia, akanitazama miguu kwanza, kisha uso.

"Wifi," akasema polepole, "mara ya kwanza nilidhani umetoka kidogo. Mara ya pili nilishajua. Niliogopa nikinyamaza ndipo utakuwa hupo kweli."

Nilikuwa nimeandaa maneno makali tangu kichuguuni, na hasira nilikuwa nayo bado. Niliketi karibu naye hivyohivyo, nimelowa, tukashikana mikono na kulia. Mwalimu hakuinua macho. Aliendelea mpaka ishirini na sita, namba ya mfugaji, ambaye alikuwa bado nyuma yetu anakamua suruali yake. Kabla hajafungua mdomo, sauti ya kiume kutoka mbele ikaitika kwamba yupo.