Mkasi Usishikwe Asubuhi

Alifumbua macho, na moyo ulishaanza kukimbia, kama wa mtu aliyesikia jina lake likiitwa kwa ukali. Hakuna aliyemwita. Mtoto alilala chali, mdomo wazi; mume alishakwenda kazini. Fundi cherehani akakaa kitandani, nyayo kwenye sakafu ya baridi, akingoja kifua kitulie. Hakikutulia.

Wiki iliyopita daktari alimwongezea dozi ya dawa ya sonona, ile huzuni iliyomng'ang'ania tangu ajifungue. "Siku za mwanzo wasiwasi wa asubuhi unaweza kuzidi kabla haujapungua," alimwambia. "Usiache dawa mwenyewe. Ukizidiwa, nipigie." Mchana maneno hayo aliyaelewa. Asubuhi yalikuwa kama kaambiwa mtu mwingine.

Akakitazama kidonge kwenye kisahani. Wewe ndiye unayenifanyia haya, alikiambia moyoni. Hakukimeza. Akakifunga kwenye kitambaa, akakitia mfukoni, akambeba mwanawe mgongoni, huyo dukani.

Wifi yake, dada wa mumewe, alishafungua, anapiga pasi. Habari za dawa hakuzijua. Fundi aliogopa kuitwa kichaa. Na ukishaitwa kichaa, nani atakupa kitambaa chake ukate?

Mezani kilitandazwa kitambaa cha gauni la harusi, upande mmoja unang'aa, wa pili umefifia. Bibi harusi angekuja kupima mchana. Fundi akashika mkasi. Viganja vilimtoka jasho, akavifuta kwenye sketi, akakata mbio mbio, ili mradi yaishe.

Wifi akaja kuvipanga vipande.

"He! Wifi, huyu bibi harusi wetu ana mikono miwili ya kushoto?"

Fundi alikuwa amesahau kugeuza karatasi ya kipimo alipokata mkono wa pili. Mikono yote ya gauni ilikuwa ya upande mmoja.

"Ndiyo faida ya kaka yangu kuchagua sura badala ya akili," wifi akacheka. Kisha akamwona: midomo imemkauka, mkasi bado kaushikilia hewani. Kicheko kikamkatika. "Hebu weka chini huo mkasi. Una nini?"

Yakamtoka yote, macho kayakaza kwenye meza. Sonona, dozi, kidonge mfukoni. Akangoja lile neno.

"Kwa hiyo siku zote nakuita mvivu wa asubuhi, nawe umeninyamazia tu?"

"Ningesema nini?"

"Ungesema, wifi, funga bakuli lako! Haya, lete simu. Huyo daktari alisema apigiwe ukizidiwa; hii si kuzidiwa?"

Daktari aliuliza hili na lile, akamwambia ameze, na kesho wafike aone kama dozi ipunguzwe. Wifi akaleta maji. Fundi akakigeuza kidonge kiganjani.

"Nikimeza, kesho asubuhi itakuwa hivi hivi."

"Basi kesho asubuhi hushiki mkasi. Wewe vifungo na pindo, mpaka moyo ukae. Mchana ndiyo ukate. Nani katuwekea sheria?"

Akameza.

Mkono wa kulia wa gauni wakaupata kwenye kitambaa kilichotengwa kwa mkanda. Mkanda ukabaki mwembamba kama kamba ya kiatu. Wifi alikata, fundi akachukua vifungo. Moyo bado ulikimbia. Alilenga uzi kwenye tundu la sindano, ukakosa, akaulowesha mdomoni, akalenga tena, ukakosa. Mgongoni mtoto alicheua, akalala. Akalenga tena.