Mtoto wa Mtafiti Mgongoni Mwangu

Siku ya kwanza kazini nilipewa mizani ya kutundika, nikafikiri tunaenda kupima maharagi. Nilikuwa mwalimu wa watoto wadogo pale Bihambwe, kijiji chetu cha wakulima huko Masisi, na habari za utafiti nilikuwa sijazisikia hata kidogo. Watu wa ofisi walitafuta mtu anayejua Kihunde, Kinyarwanda na Kiswahili, anayeandika vizuri, na asiyechoka kupanda vilima. Mchungaji wetu akanitaja. Basi asubuhi ile nikashuka na mizani begani. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba, sioni hata miguu yangu, nasikia tu ng'ombe wakilia mahali fulani, na hatua za mtu anayetembea mbele yangu.

Mtu yule alikuwa Papa Msimamizi, mkubwa wangu wa kwanza, muuguzi wa zamani mwenye mvi. Tulipofika nyumba ya kwanza nilitoa mizani upesi, ili aone kwamba mimi ni mchapakazi. Akanizuia kwa mkono.

"Mama Riziki, salimia kwanza mutoto," alisema. "Mama yake umeisha kumusalimia, lakini yeye njo tumefuata hapa."

Nikapiga magoti, nikamsalimia mtoto wa miezi saba. Alinitazama muda mrefu, kisha akanishika pua. Papa Msimamizi akaliandika jambo hilo katika daftari lake, polepole, kama mtu anayeandika jina la mgeni mkubwa. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kazi ile.

Ninyi vijana mnaoifanya leo kwa simu na tableti, acheni niwaambie sisi tuliifanya namna gani. Tulikuwa wasaidizi wa watafiti. Mtafiti alitoka chuo kikuu na maswali yake, na sisi tulimfungulia milango. Kwanza tuliomba ridhaa, maana yake mama akubali kwa kinywa chake mwenyewe, akijua anaweza kukataa bila kosa. Kisha tulitafuta umri. Mama wengi hawakuwa na karatasi ya kuzaliwa, kwa hiyo tulitumia kalenda ya kijiji: mtoto alizaliwa kabla ya mvua ya mawe iliyovunja migomba, ao kisha mavuno ya maharagi ya pili? Tukihesabu hivyo tulipata miezi. Ndipo tulipima uzito, urefu, na mzingo wa mkono kwa utepe wenye rangi. Mwisho kulikuwa na fishi ya uangalizi, karatasi ya kuandika yale mtoto anayofanya bila kuambiwa: anatambaa, anatafuta kitu kilichofichwa, anamwita nani akiogopa.

Nilitumwa kwanza Shasha, kando ya ziwa, ambako watoto walilala ndani ya vikapu huku mama zao wakipanga samaki. Kisha nikapelekwa Walikale. Kutoka vilima vyetu vya baridi hadi msitu ule ni kama kuingia usingizini. Miti inafunga mbingu, maji yanadondoka hata pasipo mvua, na sauti ya mtoto inakufikia kabla hujaona nyumba. Nilikaa kule majira mawili ya mvua. Mpaka sasa nikifumba macho mchana naona njia ile nyekundu, na mama mmoja amesimama mwishoni akiniita kwa mkono, na mimi natembea tu bila kufika.

Lakini jambo ninalotaka kuwaachia lilitokea Mweso, mji wa hospitali ulioko kwenye barabara ya Kitshanga. Wakati ule watu wengi walikuwa wamekimbilia pale kutoka vijiji vyao, wakaishi ndani ya vibanda vya turubai nyuma ya mashamba. Mkubwa wetu alikuwa Papa Direkta, msomi wa Goma, mwenye sauti ya chini na viatu safi hata siku za matope. Mtafiti alikuwa Dada Nsimire, kijana wa Bukavu aliyekuwa akiandaa tasnifu yake ya udaktari juu ya maneno ya kwanza ya watoto. Alikuwa na akili nyingi. Lakini kila jioni alikaa mbali na sisi, akiangalia simu yake isiyokuwa na rezo, maana mtandao haukufika pale, na bulauzi yake ilikuwa na alama mbili za maji kifuani. Sikuhitaji kuuliza. Alikuwa amemwachia mama yake mtoto wa kunyonya huko Bukavu, kwa sababu sheria ya ofisi ilikataza kuja na watoto kazini.

Kipimo chetu kilikuwa kitabu cha picha. Unamwonyesha mtoto picha, anataja jina, unampa alama. Kilitengenezwa mbali sana. Kulikuwa na picha ya treni, na ya mtu anayeteleza juu ya theluji. Watoto wa Mweso waliziangalia kwa adabu. Wengi walijaribu kitu, treni wakaiita nyoka ao nyumba ndefu. Ila mmoja, Zawadi, msichana wa miaka minne hivi, hakutoa sauti. Hata picha ya kuku hakuitaja, na kuku alikuwa amesimama karibu na mguu wake. Tulirudi mara tatu. Papa Direkta akasema tuandike zero, na pembeni tuandike kwamba mtoto ana kasoro ya lugha.

Nilishika kalamu, mkono ukakataa. Nikamwambia kwamba sijui bado kama mtoto huyu hawezi ao hataki.

"Mama Riziki, fishi haina nafasi ya mambo hatujui," alijibu. "Ripoti inaenda ijumaa. Kama huandiki wewe, mwingine ataandika, na kazi yako hapa itakuwa imeisha."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wakubwa wake waliomsukuma. Niliomba anipe mpaka hiyo ijumaa, akakubali kwa kichwa bila kuniangalia.

Nikaenda shambani kwa Mama Zawadi, nikachukua jembe, nikalima naye mstari kwa mstari. Ilipofika saa sita, akaanza kuzungumza bila kuulizwa. Walipokimbia walijificha siku nyingi katika migomba, na watu wenye silaha walipita karibu. Alimziba Zawadi mdomo kwa kiganja. Alimwambia kwamba akitoa sauti mbele ya mtu mkubwa asiyemjua, wote watakufa. Mtoto akasikia. Tangu siku ile alinong'ona na mama yake peke yake, ndani ya blanketi. Kimya chake ndicho kilichowavusha, na sisi tulitaka kukiandika kasoro.

Jioni nilimweleza Dada Nsimire. Alisikiliza, kisha akasema atajiondoa katika masomo. Alisema anachunguza watoto wa watu huku wake anasahau harufu yake, na sasa anaona kwamba hata hao watoto wa watu hajui kuwasikiliza.

"Mulete mutoto wako," nilimwambia. "Mi nitamubeba. Papa Direkta akiuliza, aniulize mimi."

Akapanda kilima pa kupatia rezo, akampigia mama yake, naye akampandisha mtoto gari pamoja na jamaa yao, wakafika kesho yake. Jina la mtoto Asifiwe, miezi kumi, mashavu kama mandazi. Nikamfunga mgongoni kwa kikwembe na tukaenda kazini kama kawaida. Papa Direkta alituona pale mlangoni. Akafungua mdomo, akaona Dada Nsimire anacheka kwa mara ya kwanza tangu tumjue, akageuka kutafuta miwani yake.

Alasiri ya alhamisi mvua ilikuwa imekatika, na mvuke ulipanda kutoka kwenye majani ya maharagi. Nilimweka Asifiwe kwenye mkeka mbele ya kibanda cha Mama Zawadi. Mimi nikakaa nimewapa mgongo, namenya maharagi. Dada Nsimire alikuwa hatua chache nyuma ya turubai. Zawadi akasogea, akagusa unyayo wa mtoto, akakaa. Muda ukapita. Kulikuwa na ule utulivu wa kisha mvua, ambamo hata kuku wanatembea polepole. Kisha Asifiwe akaanza kulialia. Niligeuza jicho tu. Nikaona Zawadi ameweka kiganja juu ya mdomo wa mtoto. Akakiacha pale kidogo, akamtazama, halafu akakiondoa.

"Hapa unaweza lia," alimwambia. "Hakuna muntu anatutafuta."

Sauti ilikuwa ya kukwaruza, kama mlango usiofunguliwa siku nyingi. Kisha akaanza kumtajia mtoto dunia. Hii iko haragi. Hii iko jiwe, usikule. Ile iko kuku ya Mama Sifa. Ule iko mama yangu. Aliendelea mpaka maneno yakawa mengi kuliko picha zote za kitabu chetu. Mama Zawadi aliacha jembe palepale shambani, akachuchumaa, akafunika uso. Dada Nsimire hakuandika chochote. Alikaa chini kwenye udongo uliolowa, na sketi yake nzuri.

Ijumaa asubuhi tulimwomba Papa Direkta aje. Nilimwonyesha pa kukaa, akiwa ameelekeza uso kwenye migomba, na nikamwomba asigeuke. Alingoja kutoka asubuhi hadi jua la saa saba, viatu vyake ndani ya matope, na Zawadi hakusema kitu, kwa sababu mgongo wa mtu mkubwa bado ni mtu mkubwa. Nilifikiri ataondoka. Hakuondoka. Asifiwe alipoamka, Zawadi akamkaribia na kumsimulia ndoto yake ya usiku ule. Ndoto ilikuwa ndefu, ilikuwa na mbuzi ndani yake. Papa Direkta alisikiliza mpaka mwisho, akasimama bila kugeuka, akaondoka kwa kuzunguka kibanda.

Ripoti haikuenda siku ile. Ilipoenda, pale pa zero palikuwa pameandikwa "hajapimwa", na kipimo cha picha kiliwekwa kando. Tulianza upya: watoto wawili wawili, vitu vya nyumbani kwao, na mtu mkubwa awe mbali. Na katika kanuni za kazi Papa Direkta aliongeza kwa mkono wake kwamba mtafiti anayenyonyesha anasafiri na mtoto wake, na ofisi itamtafutia mbebaji. Tangu hapo nimewabeba watoto wa watafiti wanne. Mama yake Asifiwe aliposimama mbele ya maprofesa kule Bukavu kutetea tasnifu, mimi nilikuwa nje kwenye ngazi nikimlisha binti yake parachichi, na makofi niliyasikia kupitia dirishani.

Zawadi na mama yake walirudi kwao njia ilipofunguka. Sikuwaona tena. Kazi yetu iko hivyo. Unamjua mtoto kwa miezi, kisha kilima kinamfunika.

Niliacha kazi magoti yalipokataa kupanda. Siku hizi nakaa Bihambwe, na mchana ukungu ukishuka siwezi kusema kwa hakika kama ninakumbuka ao ninaota. Watoto wanapita ndani yake mmoja mmoja, niliowapima Shasha na msituni, kila mmoja na mwezi wake wa kusimama, mwezi wake wa neno la kwanza. Nimewaandika mamia. Kuna mmoja tu ambaye sikumwandika. Amani, kitinda mimba wangu, alianza kutembea nikiwa Walikale nahesabu hatua za watoto wengine. Niliporudi alinijia kutoka jikoni kwa miguu yake, akasimama, akaniuliza mimi ni nani. Nilimuuliza mama mkwe ilikuwa siku gani. Hakukumbuka.

Sikuwahi kumwambia mtu. Sikumwambia hata Dada Nsimire siku ile niliposema amlete mtoto. Mwaka huu, wakati wa kupanda maharagi, nilimwambia Amani mwenyewe, tukiwa wawili juu shambani. Sasa ni mwanamume mzima, mwenye ndevu. Nilimwomba msamaha. Aliegemea jembe lake.

"Mama," alisema, "mi sikumbuke hata siku moja ya wakati ule. We peke yako njo umeibeba."

Mvua ilikuwa inakuja kutoka upande wa msitu. Aliyaweka majembe yote mawili begani mwake, na kwa sababu njia ilikuwa imeanza kuteleza, akanipa mkono. Tukashuka, yeye akipunguza hatua zake, akinionyesha mahali pa kukanyaga.