Komunyo ya Odeta

Ukiwa na shughuli mtaani Pasiansi, Mwanza, na hutaki ikuharibikie, iwe harusi, kipaimara au hata msiba, unamwita Mama Odeta. Jina lake la ubatizo ni Prudencia, la nyumbani kwao Muleba ni Kokulinda, lakini mtaani ni Mama Odeta tu, na akishatajwa watu wanajua jiko limepata mwenyewe. Kazi yake ni ndizi. Mikungu inashuka kutoka kwenye meli ya Bukoba, yeye anaipokea na kuwagawia wenye migahawa, na kabla jua halijapanda ameshagombana na makuli na kupatana nao. Mdomo anao, hilo hakatai. Ila na mkono anao. Hakuna sherehe aliyoalikwa akakubali kukaa kwenye kiti. Atajifunga kanga, ataingia jikoni, ataonja mchuzi wa watu na kusema mbele yao kwamba hauna chumvi.

Sasa fikiria zamu yake mwenyewe ilipofika. Yeye na mumewe Rwehumbiza, fundi umeme, walijaliwa mtoto mmoja, Odeta, na madaktari walishawaambia wasitegemee mwingine. Mtoto mmoja, komunyo ya kwanza moja. Kamati ikaundwa, turubai likafungwa uani, mshereheshaji akapatikana, mashangazi wakapanda meli kule Bukoba. Gauni jeupe lilishonwa mara mbili kwa sababu lile la kwanza Mama Odeta aliyakataa mabega yake. Odeta alikuwa na miaka tisa, mwembamba, msemaji kama mama yake, na wiki nzima alikuwa akiwahesabia majirani siku zilizobaki.

Alhamisi akarudi kutoka shule na homa. Ijumaa macho yakawa mekundu kama ya mtu aliyekesha akikata vitunguu, makamasi yakimchuruzika, na kikohozi kikavu kisichokatika. Mama Odeta hakuwa mgeni wa mambo haya. Alijua kwamba kwenye mafundisho ya komunyo kuna watoto walioshikwa na surua, na katekista, mzee Nestory, alikuwa amesimama mbele ya wazazi wote akasema waziwazi: "Mwenye mtoto mwenye homa na macho mekundu akae naye nyumbani. Padre atampa komunyo Jumapili nyingine. Yesu hahami." Wazazi walicheka, na Mama Odeta alicheka nao. Alijua pia kwamba Odeta alichanjwa mara moja tu. Chanjo ya pili ilimpita akiwa kwa bibi yake Muleba, na waliporudi Mwanza ikawa tutampeleka, tutampeleka, mpaka ikasahaulika.

"Baba Odeta," alimwambia mumewe jioni ile, "mtoto ana joto. Na hayo macho siyapendi."

Rwehumbiza hakuinua uso kwenye simu. "Wageni wako melini."

"Najua wako melini. Nakuuliza habari ya mtoto."

"Wewe ndiye mama. Utakavyoamua, mimi niko nyuma yako."

Niko nyuma yako! Mwanaume akikwambia hivyo ujue keshatoka mlangoni zamani, amekuachia mzigo na funguo. Basi Mama Odeta akaamua. Alimpa mtoto panadoli, akampangusa kwa kitambaa cha maji, akajiambia ni malaria, akajiambia ni uchovu wa mazoezi ya kuimba. Jumapili asubuhi, alipokuwa akimsuka nywele, akaviona: vipele vidogo vyekundu nyuma ya masikio, vinaanza kushuka shingoni. Nje mashangazi walikuwa wameshaanza kuimba. Akachukua poda, akampaka mtoto masikioni na shingoni, akateremsha shela mpaka mabegani.

"Mama, inawasha."

"Ni joto. Ukiulizwa, sema ni joto."

Jikoni wakati huo alikuwako Mama Masele tangu alfajiri. Huyu ni Sabina, jirani wa nyumba ya pili, Msukuma wa Misungwi, mwanamke mpole asiyejua kugombana. Yeye na Mama Odeta hawakufanana hata kidogo, na pengine ndiyo sababu walipendana. Mmoja alisema, mwingine alicheka. Siku ile Sabina alimenya ndizi za watu wote wale karibu peke yake, na mgongoni alikuwa amembeba Masele, mwanawe wa miezi minane, mnene, mcheshi, mtoto wa kuchekea hata mbuzi. Chanjo ya surua mtoto hupewa akifikisha miezi tisa. Bado kidogo tu angefika.

Kanisani Odeta alikohoa, akapokea, akakohoa. Nyumbani akakaa meza kuu chini ya turubai, macho yanamlengalenga, na wageni wakasema jamani, mtoto amejaa neema mpaka machozi. Ikafika keki. Mnajua keki zetu: mwenye sherehe anakata vipande, anawalisha wakubwa kwa mkono wake, mmoja mmoja, na picha zinapigwa. Akalishwa baba, wakalishwa mashangazi. Kisha mshereheshaji akapaza sauti kwenye kipaza: "Na sasa namwomba mama aliyetupikia tangu alfajiri, Mama Masele, apite mbele na mwanawe!"

Sabina akapita akijifuta mikono kwenye kanga, ameona aibu. Odeta akamlisha. Masele, kwenye nyonga ya mama yake, akanyoosha mikono anataka na yeye. Watu wakaangua kicheko. Odeta akachota krimu kwa kidole, akainama usoni kwa mtoto, akamtia mdomoni, na palepale kikohozi kikamshika yeye Odeta. Mama Odeta alikuwa amesimama hatua chache tu. Neno lilimfika kooni: usimkaribie. Angeweza kulisema kwa mzaha, angeweza kumvuta Odeta mkono akasingizia gauni litachafuka. Mwanamke wa maneno kama yule, angekosa la kusema? Akapiga makofi pamoja na wengine.

Jumatatu vipele vilikuwa vimemshuka Odeta mpaka tumboni. Mama Odeta akamfunika kanga, akampeleka zahanati. Muuguzi aliyempokea, kijana anayeitwa Rebeka, hakuhitaji kuambiwa. Akampa mtoto matone ya vitamini na dawa ya macho, akampigia stori mpaka akacheka, halafu akamgeukia mama.

"Surua hii inaambukiza hata kabla vipele havijatoka. Amekaa karibu na nani siku hizi? Kuna mtoto mchanga nyumbani au kwa majirani? Kama yupo, aletwe leo au kesho. Sasa hivi bado tunaweza kumkinga. Tukichelewa tutabaki kumwangalia tu."

Nini kilimkamata ulimi? Aliiona sura ya Sabina. Aliwaona mashangazi, aliiona kamati, aliwasikia watu wakisema Mama Odeta, yeye anayewafundisha wenzake, alitugawia surua kwenye sinia. Aibu ilimwaka mpaka masikioni.

"Hapana," akasema. "Kwetu hakuna mtoto mchanga."

Rebeka akamtazama kidogo, kisha akaita mgonjwa mwingine.

Getini kwake alimkuta Sabina na bakuli la uji. Amesikia mtoto anaumwa, basi kaja. Masele yuko mgongoni, amekitoa kichwa pembeni, anacheka.

"Pole, Mama Odeta. Ana nini binti yetu?"

Huo ndio ulikuwa wakati. Zahanati iko pale, siku bado mbichi, mtoto bado mzima. Maneno machache tu, hata kwa kunong'ona.

"Malaria," akajibu, akaupokea uji. "Amelala, usiingie, utamwamsha."

Odeta akafungiwa chumbani, akaambiwa atakayemuuliza amwambie malaria. Akapona. Watoto wengi hupona, ndiyo maana watu wanaichezea. Ngozi ikabanduka, hamu ya kula ikarudi, na Mama Odeta akaanza kupumua. Kila asubuhi alikuwa akichungulia uani kwa jirani, akimwona Masele ameketi kwenye mkeka anabamiza kijiko kwenye sufuria, anajisemea, unaona, hana kitu. Wiki ikapita, ya pili ikaanza. Akarudi kugombana na makuli.

Kisha Masele akashikwa na homa. Sabina alisema ni meno. Mama mkwe wake akasema ni meno. Mama Odeta aliposikia alikwenda mwenyewe, akamshika mtoto paji la uso, akayaona macho yale mekundu.

"Mpeleke hospitali," akasema.

"Si meno tu, dada?"

"Mpeleke, nakwambia! Leo!"

Alimfokea mpaka Sabina akashtuka. Akatafuta bajaji yeye, akapanda nao, akambeba mtoto yeye. Lakini bado hakusema. Alikimbia, alinunua dawa, alipika supu, alilala kwenye korido ya hospitali juu ya kanga, alifanya kila kitu ambacho mwili unaweza kufanya mdomo ukiwa umefungwa. Surua ikashuka kifuani. Masele alipumua kwa tabu, mbavu zinaingia na kutoka, akaacha kucheka, akaacha kunyonya. Asubuhi moja, jua limeshatoka, wauguzi wanabadilishana zamu, akafa mikononi mwa mama yake.

Walimzika Misungwi kwa babu yake, wakarudi Pasiansi kumalizia matanga. Na nani apike? Hakuna aliyeuliza hata. Watu walimpa Mama Odeta mwiko kama kawaida, na baba wa mtoto, Luhaga, akamshika mikono yote miwili akamshukuru kwa yote aliyoyafanya hospitali. Akashukuriwa. Alisimama pale na moshi machoni, akitamani ardhi ipasuke, na ardhi haikupasuka.

Mchana wakaja watu wa afya. Mtoto amekufa kwa surua, kwa hiyo walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba kukagua watoto na kuwachanja. Rebeka alikuwa mmoja wao. Alisalimia, akawapa pole wafiwa, kisha akauliza kwa upole: "Samahani, wazazi. Hapa jirani, kuna mtoto mwingine aliyeumwa surua kabla ya huyu?"

Watu wakatazamana. Mama Odeta alikuwa nyuma ya sufuria kubwa, akainama kuchochea kuni ambazo zilikuwa zikiwaka vizuri.

"Mimi, dada," Odeta akasema.

Alikuwa ameketi mkekani kati ya watoto wenzake, mkono ameuinua kama yuko darasani. "Hunikumbuki? Ulinipa dawa ya macho. Vipele vilianza siku ya komunyo, mama akanipaka poda visionekane."

Hata waliokuwa wakiosha vyombo waliacha. Rebeka alimtafuta mama kwa macho mpaka akampata, akamtambua. Rwehumbiza, kwenye viti vya wanaume, aliangalia viatu vyake.

Sabina alikuwa amejiegemeza ukutani, amejifunika kanga kichwani. Hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu kama angepiga kelele, Mama Odeta angejua la kufanya.

"Ulikuwa unajua?" Sabina akauliza.

"Mama Masele..."

"Ulipoupokea ule uji. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Sabina akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayejaribu kuelewa kitu alichoelezwa kwa haraka. "Ungeniambia tu," akasema. "Ningekukasirikia siku mbili, basi. Ningempeleka."

Mama Odeta alitaka kupiga magoti, alitaka kusema nisamehe, lakini neno lenyewe lilikuwa dogo mno hata kulitoa akaona haya. Mwiko ulikuwa bado mkononi, unadondosha mchuzi mchangani. Odeta alikuwa ameshaanza kulia. Alikuwa ameona nyuso za watu wazima zimebadilika, na hakujua amesema nini kibaya.

Sabina akamwona. Akasogea pembeni kidogo, akapiga mkeka kwa kiganja. "Njoo hapa, Odeta. Njoo ukae na mimi. Wewe huna kosa, mwanangu."

Mtoto akaenda, akalala mapajani pa Sabina, pale pale alipokuwa akilala Masele, na Sabina akamfunika kanga. Watu wakarudi polepole kwenye kazi zao. Mama mmoja akaja kwenye sufuria, akauchukua mwiko mkononi mwa Mama Odeta bila kumtazama, akaendelea kukoroga.