Lundo la Mabua Lililoliwa kwa Nyuma

Harufu ya mabua makavu ya mahindi yaliyonyunyiziwa maji ya chumvi hunikuta hata leo nikipita karibu na mazizi ya watu, na kila inaponikuta roho hunishtuka. Ni harufu nzuri, msinielewe vibaya. Ng'ombe wakiinusa hulia kama watoto walioona sufuria ikiteremshwa. Lakini kwangu ni harufu ya kiangazi kile, mwaka wa pili tangu tuhamishiwe kijiji cha ujamaa.

Nilikuwa na miaka tisa, msichana wa maneno mengi, na Baba alikuwa na ng'ombe watano. Kule mahameni tulikotoka, mto ulipita chini ya zizi. Kijijini nyumba zilipangwa mstari mmoja kama wanafunzi gwarideni, na maji tuliyaacha kulekule nyuma. Nyasi za bondeni nazo hazikuguswa, kwa sababu zilisubiri kufukiwa kwenye ntumba, yale matuta yetu ya mviringo ambamo nyasi huoza zikawa mbolea. Mfipa humpenda ng'ombe wake, lakini hatamlisha ntumba.

Basi Baba akapanga. Maji, siku moja wanakwenda mtoni, siku moja wanapumzika. Chakula, alipanga mabua juu ya kichanja, tabaka juu ya tabaka, na kila baada ya tabaka akalaza kamba ya katani. Tabaka moja, juma moja. Kamba ikitokea kabla ya Jumapili, tumekula vya kesho. Kamba ya mwisho ingetupeleka hadi mvua.

"Na mvua ikichelewa?" Mama akauliza.

"Atakayekonda kuliko wenzake ndiye atakayetoka," Baba akajibu, bila kuinua macho.

Nilijua ni nani. Mwezi, ng'ombe mzee mwenye baka jeupe usoni, alikuwa amekonda tayari, mbavu zinahesabika. Mama aliugua nilipozaliwa, nikakuzwa kwa maziwa ya Mwezi. Nikaamua hatatoka. Dawa yake niliiona wazi: asikonde.

Kila alasiri Mama alipokwenda kisimani, nilizunguka nyuma ya lundo, upande wa ukuta ambako hakuna aliyepita, nikachomoa mabua ya kujaza mikono yangu miwili, nikampelekea Mwezi. Nilichomoa ya katikati, yaliyobaki laini. Siku za mapumziko nilimbebea pia maji tuliyooshea mboga. Haba na haba hujaza kibaba, walitufundisha shuleni. Hawakutuambia kwamba haba na haba hukimaliza vilevile.

Mwezi akanawiri. Manyoya yakang'aa, mbavu zikapotea. Majirani wakamtania Baba kwamba kikongwe wake ameposwa. Baba hakucheka. Alikuwa akimtazama yule ng'ombe muda mrefu, kisha analitazama lundo, ambalo kwa mbele lilikuwa zima, na kamba zake zote mahali pake. Upepo wa Ufipa ulivuma mchana kutwa, wenye vumbi na baridi, na kila ulipolitikisa lile lundo nilibana pumzi.

Lilianguka asubuhi moja ya Oktoba, mbele ya macho yetu. Halikuwa na tumbo, ndani lilikuwa tupu. Kamba zikabaki zikining'inia, hazitengi kitu. Baba akazunguka nyuma, akakaa huko kitambo. Aliporudi hakunichapa, na hilo lilinitisha kuliko fimbo.

Siku ya tatu akaja Bwana Seifu, mwenye bucha mjini Sumbawanga, na lori lake limejaa magunia ya pumba. Alikuwa tayari kuacha pumba na kuondoka na ng'ombe mmoja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Chukua yule mwekundu."

Bwana Seifu akampapasa mgongoni yule mwekundu, ambaye sasa ndiye aliyekonda kuliko wote, akatikisa kichwa. "Huyu, mzee wangu, nimpeleke buchani au makaburini? Nipe yule mwenye baka. Huyo ndiye ng'ombe."

Nilipiga kelele. Nilimkumbatia Mwezi shingo, nikalia kwamba amenenepa, hajakonda, Baba mwenyewe alisema atoke aliyekonda! Baba akaniondoa mikono taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Mwanangu," akasema, "umeshatuchagulia."

Mwezi alipanda lorini bila kusukumwa, maana alikuwa na nguvu.

Mvua zilipofika nilicheza matopeni na watoto wenzangu, nikishukuru kwamba wale wanne wamepona. Miaka mingi nilijisimulia hivyo: mwaka ulikuwa mbaya, mmoja akaenda ili wengine wabaki. Nimekuwa mama, nikapanga unga wa watoto wangu mwaka wa njaa, ndipo siku moja, kibaba mkononi, nikahesabu upya majuma ya kiangazi kile. Mvua ilinyesha siku nne kabla ya siku ambayo tabaka la mwisho lingekwisha, kama nisingeligusa lundo. Baba hakukosea hesabu. Wote watano wangefika.

Naye alilijua hilo siku ile ile mvua ilipoanza, akasimama mlangoni akinitazama ninavyocheza, asiniambie.