Ua la Buluu

Kabla ya kuanguka kutoka ghorofani, nilikuwa nikiwapaka hina maharusi wa Jomvu Kuu na Mikindani. Niliumia uti wa shingo, na mikono ikabaki imelala kitandani kama ya mtu mwingine. Watu walikuja kunipa pole, wengine wakalia. Niliwatazama tu. Haikuwa huzuni, sikuhisi kitu.

Dada yangu, ambaye ndiye aliyenilisha na kunigeuza, alisikia kuna mhadhiri mmoja Port Reitz anajaribu mtambo wa kuchora kwa ubongo. Akanipeleka. Sikukataa, wala sikukubali.

Mhadhiri, msichana mpole, alinivika kofia ya kitambaa yenye vifundo vya chuma, akapaka jeli ya baridi katikati ya nywele. Kwenye skrini palikuwa na visanduku vya rangi na maumbo, vikiwaka kimoja baada ya kingine.

"Kikazie macho kile unachokitaka," alisema. "Kikiwaka, ubongo utashtuka kidogo, na kompyuta itajua."

"Na nisipotaka chochote?"

"Basi haitachora, dada."

Nilichagua rangi ya kahawia, kwa mazoea tu. Tone likatokea. Nikaongeza jingine kando yake, kisha jingine, hadi yakawa mzunguko wa petali. Ilikuwa kazi ya polepole mno. Shingo iliniuma, macho yakachuruzika machozi. Ghafla mtambo ukakosea, ukaweka tone la buluu katikati ya ua.

"Siyo hiyo," nikasema. "Ifute. Hina haina buluu."

Dada yangu akageuka kunitazama. "Umekasirika," akasema taratibu. "Wallahi, umekasirika."

Nilikuwa nimekasirika kweli. Nilishangaa, kwa kuwa nilikuwa nimesahau inavyokuwa. Mhadhiri akanyoosha mkono afute, nami nikamwambia asubiri. Nikalitazama lile tone tena, nikachagua buluu mwenyewe, nikalizungushia matone mengine.

Nyumbani, dada yangu alinikosha jeli kichwani kwa maji ya uvuguvugu.

"Ulifurahi?" aliniuliza.

Nilifikiri sana. Sikutaka kumdanganya, maana alikuwa amechoka.

"Sijui," nikamjibu. "Lakini nataka kurudi."

Alinifuta masikio kwa upole, akaenda kumwaga maji uani, akachelewa kurudi.