Siku Niliyochaji Betri kwa Kuimaliza

Habari hii nimewaficha hata wanangu, na kama msingenibana leo ningekufa nayo, kwa sababu mpaka sasa nikiikumbuka Jumapili ile pale Nungwe, kando ya Ziwa Viktoria, masikio yananiwaka moto.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa fundi wa malori huko Geita kwenye machimbo ya dhahabu, kijana wa Ibadakuli mwenye spana tatu na maneno mengi, na nilikuwa nimemposa Kabula, binti wa Mzee Lubinza. Mzee alikuwa mfanyabiashara wa samaki, na alikuwa amenunua boti yenye mashine ya kubandika nyuma, ya Kimarekani, mpya, yenye betri ya kuiwashia na taa mbili mbele (watu walitembea kwa miguu kutoka Nyarugusu kuja kuiona tu). Sasa betri ikawa haikai na chaji, leo inawasha, kesho imekufa. Mzee akaniita siku ile ile ambayo kaka yake Mama Kabula alikuwa amefika kutoka Kahama kuja kunitazama, na bila neno la mjomba hakuna harusi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Masanja, wewe si fundi? Hebu itazame hii, nataka mjomba akaione ghuba."

Hapo ningesema tu, baba, mimi nayajua malori, boti sijawahi kuigusa. Lakini Kabula alikuwa amesimama pale na wenzake, basi nikajibu, "Dakika kumi, baba."

Nikatazama betri, maji yamo. Nikashika nyaya, zimekaza. Kisha nikaona ajabu. Betri ina vichwa viwili, cha kujumlisha na cha kutoa, na kwenye malori yetu yote ya Kiingereza kile cha kujumlisha ndicho kilichofungwa kwenye chuma cha injini, lakini hapa kimefungwa cha kutoa! Nikajisemea, kumbe kuna mjinga amekosea (mjinga mwenyewe nilikuwa bado sijamfahamu), nikazigeuza nyaya, nikabonyeza, mashine ikanguruma.

Na tazama, mshale wa kile kisaa cha chaji, ambao siku zote ulilalia upande wa kutoa, sasa umelalia upande wa kujumlisha! Nikawasha taa, mshale ukapanda zaidi. Nikapaza sauti ufuko mzima usikie, "Inachaji! Na ukiwasha taa inachaji zaidi!" Wanawake wa samaki wakapiga vigelegele. Nikazima mashine, nikaona mshale bado uko kwenye kujumlisha, na hapo, nisiwadanganye, kichwa kilinizunguka kidogo. Betri inajaa kutoka wapi, na mashine imezimwa? Nikaona bora nisiulize.

Tukapanda wanne: Mzee kwenye usukani, mjomba mbele na kofia yake, Mama Kabula katikati, mimi nyuma kwenye mashine, nimempa mgongo, maana mnajua kwetu, mama mkwe humgusi, humtazami usoni, hata njiani unaingia porini ili apite. Na taa zote mbili nimeziacha zinawaka, mchana kweupe, kwa fahari tu.

Tulipofika katikati ya ghuba, mjomba akaanza kusikia kichefuchefu kwa moshi, akaomba mashine izimwe apumue kidogo. Nikazima. Alipopata nafuu nikabonyeza: tk. Nikabonyeza tena: tk. Taa zimekuwa nyekundu kama ncha ya sigara.

Mzee akageuka. "Si ulisema imejaa?"

"Imejaa, baba. Mshale huu hapa."

Na kweli mshale ulikuwa bado umeegemea kwenye kujumlisha, na betri imekufa kabisa, nikawa sielewi tena lipi juu lipi chini. Nikachukua kamba ya kuvutia, nikaizungusha kwenye mashine, nikasimama, nikavuta kwa hasira zangu zote. Kamba ikachomoka. Nikaenda kinyumenyume na mikono hewani, nikatua, kitako chote, mapajani kwa Mama Kabula.

Hakupiga kelele. Alijifunika uso kwa kanga, akabaki kama jiwe, nami nikashindwa kuinuka kwa sababu boti ilikuwa inayumba, kila nikijaribu narudi pale pale. Mjomba ndiye aliyepiga kelele, hapana hapana kwa Kisukuma. "Yaya! Yaya! Asivute tena huyu! Akae chini! Hapana, si hapo!"

Wavuvi wawili wakatuvuta na mtumbwi wao mpaka ufukoni, polepole, huku wanaimba, na watu wote walionipigia vigelegele walikuwa bado wapo. Mama Kabula akashuka akaenda moja kwa moja nyumbani, uso bado kwenye kanga. Kabula nilimwona anamkimbilia mama yake, kisha sikumwona tena kwa wiki tatu.

Siku ya Jumatano akaja fundi wa boti kutoka Mwanza, mzee mpole. Akabonyeza mkanda wa dainamo, ile inayochaji betri, kwa kidole kimoja, ukabonyea kama ulimi. Ulikuwa umelegea, basi, hilo tu ndilo lililokuwa tatizo tangu mwanzo. Kisha akaona nyaya zangu.

"Ukigeuza betri, mwanangu, na kile kisaa kinasema kinyume. Kilikuwa kinakuonyesha betri inakwisha, wewe ukasherehekea. Na mkanda ungekuwa umekaza, ungeunguza dainamo nzima."

Mjomba alitaka nikataliwe. Aliyeniokoa ni Mama Kabula mwenyewe, aliyetuma neno kwamba kijana alianguka, hakukusudia, alete kondoo wa kuondoa mkosi yaishe. Nikampeleka kondoo, mnene, na harusi ikafanyika baada ya mavuno, ingawa mjomba hakunipa mkono.

Nimetengeneza mashine nyingi tangu hapo, na za boti pia. Lakini nikiona kitu kimenichanganya nasema "sijui" pale pale, kwa sauti, kabla mtu yeyote hajapanda.